Kwa Nini Vipuri vya Baiskeli Huwa Ghali Vifikapo Dukani?

Baiskeli ni mashine ya maana sana katika maisha ya watu wetu. Humpeleka mwanafunzi shuleni, hubeba maziwa na mkaa, na penye uhaba wa gari humfikisha mgonjwa zahanati. Mashine hii hudumu miaka mingi kwa sharti moja tu: kwamba sehemu zake zinazolika, kama vile tairi, mnyororo, gololi na friwili, zipatikane kwa bei ambayo mwenye baiskeli anaimudu. Bei ikipanda kuliko uwezo wake, baiskeli nzima huegemezwa ukutani kwa sababu ya kipuri kimoja kidogo.

Sehemu kubwa ya vipuri vinavyouzwa Afrika Mashariki hutoka India na China. Mji wa Ludhiana katika jimbo la Punjab, kwa mfano, ni miongoni mwa vitovu vikubwa vya utengenezaji wa baiskeli na vipuri vyake duniani. Mtu akiuliza bei ya mnyororo huko unakotengenezwa, kisha akailinganisha na bei ya duka la mjini kwake, aghalabu hukuta kwamba bei imezidi mara mbili au hata mara tatu. Jawabu la haraka ni kusema kwamba mfanyabiashara ni mlanguzi. Huenda jawabu hilo likawa kweli mara nyingine. Lakini akili ya kisayansi haitosheki na jawabu la haraka. Hutaka kupima. Katika makala haya tutaifuata safari ya kipuri kutoka kiwandani hadi dukani, tukihesabu kila hatua, ili msomaji aweze kuamua mwenyewe ni sehemu gani ya bei inayotokana na mambo yasiyoepukika na ni ipi inayoweza kupunguzwa.

BEI YA KIWANDANI SI BEI MOJA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kiwanda hakina bei moja. Kampuni inayounda baiskeli nzima hununua minyororo kwa makumi ya maelfu. Minyororo hiyo hufungwa pamoja bila boksi wala karatasi za rangi, na mnunuzi hujulikana mwaka hadi mwaka. Mwagizaji wa vipuri hununua kiasi kidogo zaidi, cha aina nyingi tofauti, na kila kimoja chahitaji kufungwa peke yake. Kwa sababu hiyo, mnyororo uleule huwa na bei ya chini ukiwa sehemu ya baiskeli mpya, na bei ya juu ukiwa kipuri. Ndiyo maana mtu akijaribu kuunda baiskeli kwa kununua kipuri kimoja kimoja, jumla ya gharama zake hupita bei ya baiskeli mpya iliyokamilika.

SAFARI YA BAHARINI: UZITO NA UJAZO

Shehena isiyojaza kontena zima kwa kawaida hutozwa nauli kwa kulinganisha vipimo viwili: tani moja ya uzito na meta moja ya ujazo. Kipimo kilicho kikubwa ndicho kinachotumika. Hapa fizikia huingia moja kwa moja katika bei.

Tuchukue gololi. Chuma cha pua kina densiti ya takribani kilo 7,850 kwa kila meta ya ujazo. Tufe zikimiminwa ovyo katika chombo na kutikiswa hujaza kadiri ya asilimia 64 ya nafasi. Iliyobaki ni hewa. Basi meta moja ya ujazo ya gololi ina uzito wa kilo 5,000 hivi, yaani tani 5. Gololi hulipiwa kwa uzito, na nafasi yote inayolipiwa imejaa mali.

Sasa tuchukue rimu ya baiskeli kubwa ya mizigo. Tuseme kipenyo chake cha nje ni sentimeta 65, unene wake sentimeta 4, na uzito wake kilo moja. Ikipangwa juu ya wenzake, kila rimu hukalia nafasi ya 65 × 65 × 4, yaani sentimeta za ujazo 16,900. Katika meta moja ya ujazo zitaingia rimu 59 tu, zenye uzito wa kilo 59. Lakini mwenye shehena atalipa kana kwamba amesafirisha kilo 1,000, maana sehemu kubwa ya nafasi aliyoilipia ni hewa iliyo katikati ya duara. Kwa hiyo kilo moja ya rimu hulipiwa nauli ya bahari takribani mara 17 ya kilo moja ya gololi.

Kwa sababu hiyohiyo baiskeli nyingi huletwa zikiwa zimefumuliwa vipande vipande, na fundi huku huziunganisha. Na mtu anayeagiza rimu moja kwa ndege hakwepi kanuni hii. Katika usafiri wa anga, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimeta za ujazo 6,000 zihesabiwe kuwa kilo moja. Boksi la sentimeta 65 kwa 65 kwa 5 litalipiwa kama kilo 3.5, ingawa mizani itaonyesha kilo moja na kidogo.

Tena nauli yenyewe haisimami mahali pamoja. Mwaka 2021, baada ya msukosuko wa ugonjwa wa UVIKO-19, nauli za makontena ulimwenguni zilipanda mara kadhaa kuliko zilivyokuwa kabla yake. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023, nayo yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

FORODHA NA KODI

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Ulikuja na ushuru wa pamoja wa madaraja matatu: asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 likaongezwa daraja la nne la asilimia 35. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ushuru hautozwi juu ya bei ya kiwandani peke yake. Hutozwa juu ya jumla ya bei hiyo, nauli ya meli na bima. Kwa maneno mengine, nauli ikipanda, ushuru nao hupanda, hata kama kiwango cha asilimia hakikuguswa.

Baada ya ushuru huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mwagizaji aliyesajiliwa huilipa forodhani, kisha hurudishiwa kwa kuikata katika kodi anayokusanya anapouza. Lakini muuza duka mdogo asiyesajiliwa hawezi kuikata. Kwake yeye kodi hiyo ni gharama kama gharama nyingine, naye huweka faida yake juu yake.

FEDHA NA MUDA

Mwagizaji hulipa leo na kuuza baada ya miezi mingi. Huweka malipo ya awali, husubiri kiwanda kitengeneze, meli ifike, mzigo utolewe bandarini, kisha husubiri wateja. Muda wote huo fedha zake zimelala, na kama ni za mkopo, riba inahesabiwa kila siku.

Tena analipa kwa fedha za kigeni na anauza kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa takribani shilingi 17 za Tanzania. Katika mwaka 2023 ilivuka shilingi 2,400. Mwagizaji anayeuza kwa bei iliyotokana na dola ya jana anaweza kukuta kwamba mapato yake hayatoshi kuagiza mzigo uleule kesho. Ndiyo sababu huongeza kidogo katika bei kama kinga dhidi ya mabadiliko hayo.

HESABU YA MNYORORO MMOJA

Natuyaweke mambo haya yote katika hesabu moja. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini utaratibu wake ndio wa kweli. Mnyororo umenunuliwa kwa bei ya shilingi 3,000 ukiwa tayari melini.

Bei ya kununulia: 3,000.
Nauli ya meli na bima: 300. Jumla 3,300.
Ushuru wa forodha, asilimia 10 ya 3,300: 330. Jumla 3,630.
Gharama za bandari, wakala wa forodha na gari hadi ghalani: 270. Jumla 3,900.
Riba ya miezi 6 kwa asilimia 16 kwa mwaka, yaani asilimia 8: 312. Jumla 4,212.
Sehemu ya mwagizaji, asilimia 20: 842. Jumla 5,054.
Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18: 910. Jumla 5,964.
Usafiri hadi Kigoma, umbali wa kilometa 1,250 hivi kwa Reli ya Kati: 150. Jumla 6,114.
Sehemu ya muuzaji wa jumla, asilimia 12: 734. Jumla 6,848.
Sehemu ya muuzaji wa rejareja, asilimia 20: 1,370. Bei ya dukani 8,218.

Mnyororo wa shilingi 3,000 umefika shilingi 8,218, na hakuna hata mmoja njiani aliyejitwalia nusu ya bei. Fedha zote za wafanyabiashara watatu ni shilingi 2,946, kadiri ya asilimia 36 ya bei ya mwisho. Na humo humo hulipwa kodi ya pango, mishahara, leseni, ulinzi na mali iliyopotea au kushika kutu.

Mwanafunzi wa hesabu ataona jambo kubwa zaidi. Asilimia hizi hazijumlishwi, bali huzidishana. Shilingi moja ikiongezeka katika nauli ya meli, hupita katika ushuru, riba, kodi na faida za watu watatu: 1.10 × 1.08 × 1.20 × 1.18 × 1.12 × 1.20, ambayo ni takribani 2.26. Basi shilingi moja baharini ni shilingi mbili na robo dukani. Nauli ya mnyororo wetu ikipanda kutoka 300 hadi 900, bei ya rejareja itaongezeka kwa shilingi 1,357 wala si 600. Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyumenyume: ushuru wa shilingi 330 ukiondolewa kabisa, na kila mtu akabakia na asilimia yake ileile, bei ya dukani itapungua kwa shilingi 678, yaani asilimia 8 hivi. Gharama za mwanzo wa safari ndizo zinazouma zaidi mwishoni.

KIPURI KINACHOULIZIWA KWA NADRA

Mnyororo huuzwa kila siku. Je, kipuri kinachouliziwa mara chache kwa mwaka? Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani Ford W. Harris alitoa kanuni ya kutafuta kiasi bora cha kuagiza kwa mara moja. Kanuni yenyewe ni kipeuo cha pili cha 2DS gawanya kwa H. Ambapo D ni idadi inayouzwa kwa mwaka, S ni gharama ya kuagiza mara moja bila kujali kiasi, na H ni gharama ya kuweka kipuri kimoja ghalani kwa mwaka mzima.

Tuseme S ni shilingi 200,000 na H ni shilingi 1,000. Kwa kipuri kinachouzwa 10,000 kwa mwaka, kiasi bora ni 2,000 kila mara. Gharama ya kuagiza ni shilingi 100 kwa kila kipuri, na ya ghala shilingi 100, jumla 200. Kwa kipuri kinachouzwa 100 tu kwa mwaka, kiasi bora ni 200, yaani akiba ya miaka miwili. Gharama ya kuagiza sasa ni shilingi 1,000 kwa kimoja, na ya ghala 1,000; jumla 2,000. Mauzo yamepungua mara 100, na mzigo wa kila kipuri umeongezeka mara 10, ambayo ni kipeuo cha pili cha 100.

Hali hii huzidishwa na wingi wa vipimo. Tairi mbili zinaweza kuitwa “inchi 26” na zisibadilishane hata kidogo: moja hukaa katika rimu yenye kipenyo cha milimeta 590 mahali inapokalia tairi, na nyingine katika rimu ya milimeta 559. Vivyo hivyo kwa “inchi 28”: baiskeli nzito ya mizigo hutumia milimeta 635, na baiskeli nyepesi za kisasa hutumia milimeta 622. Kila aina mpya inayoingia nchini huwagawa wanunuzi walewale katika mafungu madogo zaidi, na kila fungu dogo hulipa zaidi kwa kanuni ya Harris.

MBONA ANAYEAGIZA MWENYEWE HUPATA NAFUU?

Siku hizi mtu mwenye simu anaweza kuiona bei ya muuzaji wa ng’ambo na kuiona ni ndogo. Yafaa atambue bei hiyo haina nini ndani yake. Kwanza, nchi nyingi huondoa kodi ya mauzo kwa bidhaa inayopelekwa nje, hivyo bei inayotangazwa haina kodi ya huko wala ya huku. Pili, muuzaji yule huhudumia wateja wa nchi nyingi, na mara nyingine hununua masalio ya viwanda vya baiskeli kwa ile bei ya chini tuliyoitaja. Tatu, hatari ya kipuri kupotea, kuchelewa au kutolingana na baiskeli humwangukia mnunuzi. Msambazaji wa hapa nchini huubeba mzigo huo: kipuri kipo leo, chaweza kushikwa mkononi na kupimwa, na kikiwa kibovu mnunuzi anajua pa kukirudisha. Huduma hizo zina thamani; swali ni kama bei tunayotozwa inalingana nazo.

FAIDA HALALI NA ULANGUZI

Haya yote hayamaanishi kwamba kila bei ni ya haki. Pale ambapo wakala mmoja tu ndiye mwenye haki ya kuleta aina fulani, anaweza kuongeza sehemu yake bila hofu. Tanzania imepita njia mbili katika kulikabili jambo hili. Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyounda Tume ya Bei, nayo ikapanga bei za bidhaa nyingi. Lakini uhaba wa fedha za kigeni ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ilibakia karatasini na bidhaa zikahamia mlango wa nyuma. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa. Rafu zikaanza kujaa, ingawa kwa bei za juu. Njia ya pili ni kulinda ushindani, na msingi wake ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Fundisho la vipindi vyote viwili ni moja: amri peke yake haishushi bei ikiwa chanzo cha gharama hakijaguswa.

LA KUFANYA

Mafundi na wenye maduka wakiungana kuagiza pamoja, huikuza D na kuigawana S; kanuni huwapa nafuu bila mtu kudhulumiwa. Shule, ushirika au mradi unaonunua baiskeli nyingi uchague aina ambayo rimu zake zimeshaenea mahali pale. Na vitu vinavyojaa hewa vitengenezwe karibu: keria, vikapu, vikingio vya matope na vibao vya kusimamishia hukunjwa na mafundi wetu kwa nondo na mabati, navyo ndivyo vyenye nauli mbaya kuliko vyote. Gololi na mnyororo huhitaji chuma maalumu, tanuri za kukikazia na mashine za usahihi mkubwa; hivyo, kwa kuwa nauli yake kwa kilo ni ndogo, si vya kuanzia.

Mwenye baiskeli naye apime kabla ya kununua. Kipuri cha bei rahisi si lazima kiwe nafuu. Mnyororo wa shilingi 8,200 unaodumu kilometa 4,000 hugharimu shilingi 2.05 kwa kilometa. Wa shilingi 5,000 unaokwisha kwa kilometa 1,500 hugharimu shilingi 3.33. Tena mnyororo uliochakaa hula meno ya friwili. Pingili 24 za mnyororo mpya, kutoka pini hadi pini, zina urefu wa milimeta 304.8. Zikifikia milimeta 307, ubadilishwe mara moja, na friwili itasalimika.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Katika hesabu ya mnyororo, tafuta bei ya dukani iwapo mzigo utauzwa baada ya miezi 3 badala ya 6. Je, kasi ya bandari ina uhusiano gani na bei?
2. Mafundi 4, kila mmoja akiuza vipuri 100 kwa mwaka, wanaagiza pamoja. Kwa kanuni ya Harris, gharama ya kuagiza na kuweka kipuri kimoja itakuwa kiasi gani?
3. Pima pingili 24 za minyororo ya baiskeli kumi zilizopo shuleni. Ni mingapi imepita milimeta 307?
4. Tembelea duka la vipuri, uandike vipimo vilivyochapwa ubavuni mwa tairi. Ni aina ngapi zenye jina moja lakini zisizobadilishana?